Mwili Mzima kwa Elfu Kumi na Tano

Mama mdogo alizitandaza karatasi juu ya mkeka, akazikandamiza kingo kwa vikombe vya kahawa maana upepo wa Sahare jioni hauna adabu.

"Hebu nisomee, mwanangu. Miwani imevunjika mkono."

Zilikuwa karatasi nyingi, za rangi. Kila ukurasa na kiungo chake: moyo, ini, figo, mapafu, kongosho, mifupa, macho. Zikafuata kurasa za "madini", za "sumu mwilini", na moja ya "nguvu ya ubongo". Kila kiungo kilikuwa na jedwali, na kila jedwali lina mishale ya kijani, ya njano na myekundu. Mama mdogo alikuwa na mishale myekundu ya kutosha kumzika mtu. Chini ya ukurasa wa mwisho, kwa kalamu ya bluu, mtu alikuwa ameandika majina ya makopo manne ya unga na jumla yake: shilingi 280,000.

Alipimwa asubuhi ile uwanja wa Tangamano, hapa mjini Tanga. Mnayajua mambo hayo: hema, spika inayokoroma, vijana wenye makoti meupe yaliyonyooshwa vizuri, kompyuta mpakato juu ya meza ya plastiki. Pima mwili mzima, elfu kumi na tano tu, majibu papo hapo, hatuchukui damu. Akashikishwa kijiti cha chuma, akaambiwa atulie, na kabla hajamaliza kusoma Ayatul Kursiy mashine ikawa imeshammaliza yeye.

"Wamesema kongosho limechoka," akaniambia. "Na mapafu yana sumu. Nilijua tu."

Hilo "nilijua tu" ndilo lililoniganda kwa wiki kadhaa.

## Kijiti cha chuma

Kuhusu mashine yenyewe sitapoteza muda. Hakuna njia ambayo chuma ulichokishika kiganjani kitajua kiwango cha kalsiamu kwenye damu yako, hali ya ini na umri wa mifupa yako kwa mpigo mmoja. Kabla ya kukishika unaulizwa jinsia, umri, urefu na uzito. Hayo unayoyajibu ndiyo mashine inayoyajua, na mengine inayatunga humo humo.

Ushahidi ulikuwa nyumba ya pili. Jirani yake mama mdogo, mwanamke wa makamo mwenye wajukuu, alipimwa siku hiyo hiyo na kijana aliyekuwa na haraka. Karatasi zake zilikuwa na ukurasa mzima wa tezi dume. Lilikuwa na mshale wa njano. Tulicheka mpaka kahawa ikapoa.

Lakini mama mdogo alipomaliza kucheka alifuta machozi kwa upindo wa kanga, akauliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia.

"Kwani hospitali hawakosei?"

## Taifodi na UTI

Tangu lile papai la mwaka 2020, ambalo Rais Magufuli alisema lilipimwa likakutwa na korona, kila Mtanzania ana maoni yake kuhusu vipimo, na mama mdogo hakuhitaji papai. Alikuwa na historia yake. Mwaka mmoja nyuma, kila alipokwenda kulalamika homa na uchovu kwenye zahanati moja ya mjini, alirudi na majibu yale yale mawili. Ninyi nyote mnayajua. Unaingia na kichwa kinauma, unatoka na taifodi na UTI. Unaingia na kiuno kinauma, unatoka na taifodi na UTI. Sindano, vidonge vya siprofloksasini, kunywa maji mengi.

Nikaanza kusoma, maana nilitaka kumjibu. Kipimo kinachotumika sana kwa taifodi kwenye maabara zetu ndogo kinaitwa Widal, kwa jina la tabibu Mfaransa Georges-Fernand Widal aliyekitangaza mwaka 1896. Majimaji ya damu yako yanachanganywa na vitendanishi vilivyotengenezwa kwa bakteria wa taifodi waliouawa, kisha mtu anatazama kama mchanganyiko unagandamana. Ukigandamana, maana yake damu yako ina kingamwili. Haimaanishi unaumwa leo. Kingamwili hizo zinaweza kuwa za mwaka jana, au za bakteria mwingine wa ukoo ule ule. Kwa watu wa mji ambao maji ya kisima na ya bomba hupeana zamu, kuwa na kingamwili hizo si ajabu.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu, yaani kuiweka maabara na kusubiri kuona kama bakteria watamea. Kinachukua siku kadhaa, kinataka vifaa na mtu aliyefunzwa, na bado kinawakosa wagonjwa wengi wa kweli. Kwa hiyo tunabaki na Widal, chenye zaidi ya miaka 120, kwa sababu ni rahisi na hakikosi cha kusema.

Na malaria nayo ina kisa chake, tena cha ukanda wetu huu. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo kutoka hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania, wakiwa wamewafuatilia wagonjwa zaidi ya 4,000 waliokuwa wakitibiwa malaria kali. Damu zao zilipotazamwa upya kwa hadubini, waliokuwa na vimelea hawakufika nusu. Miaka michache baadaye, kule Moshi, ikawa mbaya zaidi: kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, asilimia 60 waliandikiwa kwamba wana malaria, na waliokuwa nayo kweli hawakufika asilimia 2. Hao wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria, ya fangasi, ya virusi, na homa zinazotoka kwa mifugo ambazo hakuna aliyeziuliza.

Nilitaka kumwonyesha mama mdogo tofauti kati ya hema la Tangamano na hospitali. Kadiri nilivyosoma, ndivyo mstari ule ulivyozidi kufifia.

## Kaseti

Kuna kipimo kimoja kilichonipa moyo, ingawa nacho mwishowe kilinirudisha kule kule.

Kaseti ya malaria wengi wenu mmeshaiona. Kidole kinafutwa kwa spiriti, kinachomwa, tone la damu linafyonzwa na kudondoshwa kwenye kijitundu kimoja, kisha matone ya dawa kwenye kijitundu kingine. Unasubiri dakika 15 mpaka 20. Mstari mmoja kwenye alama ya C, huna. Mistari miwili, unayo. Mstari wa C usipotokea kabisa, kaseti ni mbovu, itupwe. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayedhaniwa ana malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa, na kaseti ndiyo iliyowezesha agizo hilo kufika hata kijiji kisicho na umeme.

Ninachokipenda ni unyenyekevu wake. Inauliza jambo moja tu: je, kuna protini ya kimelea cha malaria kiitwacho falciparum kwenye tone hili? Basi. Ina mipaka yake pia. Protini hiyo, HRP2, hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya kupona, hivyo mtoto aliyetibiwa juzi anaweza kuonyesha mistari miwili akiwa mzima. Na kuna vimelea vilivyopoteza jeni inayoitengeneza. Viliripotiwa Peru mwaka 2010, baadaye vikawa tatizo kubwa Eritrea. Hivyo kaseti inavikosa.

Sasa sikia. Mwaka 2007 lilichapishwa jaribio lingine kutoka huku huku kaskazini mashariki. Walilinganisha kaseti na hadubini, kuona kama jibu la haraka litapunguza dawa za malaria zinazotolewa ovyo. Zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao hawakukutwa na malaria bado waliandikiwa dawa ya malaria. Iwe wamepimwa kwa kaseti, iwe kwa hadubini, hali ilikuwa ile ile.

Daktari aliomba kipimo, kipimo kikamjibu, naye akaendelea na alilokuwa nalo kichwani.

Naye alijua tu.

Nililiona jambo hilo usiku, nikaacha kusoma. Siku zote nilikuwa nimejipanga kupambana na kijiti cha chuma, kumbe kijiti kimekuja kukaa mahali palipokuwa tayari. Mgonjwa anataka kuambiwa ana kitu. Mtabibu ana foleni ya watu nje ya mlango, na "hatujaona kitu" ni sentensi inayohitaji muda kuielezea. Jibu la "huna" halimridhishi anayelitoa wala anayelipokea. Anayekuja na mashine isiyojua kusema "huna" anapata wateja bila shida.

## Nini kinakusumbua

Nina mtu wangu wa maabara. Ni mzee, mteknolojia mstaafu ambaye bado anashika zamu kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Ngamiani. Mtaani kila mtu anamwita daktari, naye ameacha kukataa. Nilimpelekea mama mdogo asubuhi, akiwa hajala kitu.

"Shikamoo," nikasalimia.

"Marahaba." Akamgeukia mama mdogo, akavuta kiti karibu. "Bibie, kabla sijakuchoma, nini kinakusumbua?"

Mama mdogo alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Akaanza kusema. Anaamka usiku kukojoa mara tatu, mara nne. Kiu haimwishi. Macho yanaingia ukungu jioni, ndiyo maana anavunja miwani, anaikalia. Miguu inawaka moto akilala. Kaka yake, marehemu, alikatwa mguu. Alizungumza kwa muda mrefu kuliko muda wote niliowahi kumwona akizungumza na mtu mwenye koti jeupe. Mimi mwenyewe sikuwa nimemuuliza. Wale wa hema hawakumuuliza kitu zaidi ya kilo na sentimita.

Sukari kabla ya kula: 9.1. Kuanzia 7.0 kwenda juu inahesabiwa kisukari, na huwa inarudiwa siku nyingine ili kuhakikisha. Ilirudiwa. Ilikuwa 8.8.

Tulipotoka nje mama mdogo alisimama chini ya mwarobaini, akafunga kanga upya, akaniambia kwa sauti ya mshindi:

"Si walisema kongosho?"

## Hesabu ya Tangamano

Nakiri hapo nilishikwa. Kongosho ndilo linalotengeneza insulini. Kijiti kilisema kongosho, na kongosho kweli lina kasoro. Ningemwambia nini?

Jibu lilitoka kwa majirani. Nilizunguka nyumba za karibu nikaomba kuona karatasi za wote waliopimwa siku ile. Yule bibi wa tezi dume: kongosho limechoka. Mume wa muuza vitumbua: kongosho limechoka. Kijana wa bodaboda, miaka 22, anayekula wali sahani mbili na kulala fofofo: kongosho, mshale mwekundu. Ukimwambia kila mtu Sahare kwamba kongosho lake limechoka, utapatia kwa wale wenye kisukari, na hao ndio watakaokutangaza. Waliobaki watanunua unga, watajisikia nafuu, nao pia watakutangaza.

Ila hesabu hii haiwahusu matapeli peke yao, nayo inanitia wasiwasi zaidi. Chukua kipimo cha kweli, kizuri. Kinawanasa wagonjwa tisa katika kila kumi, na kinawasingizia wazima watano tu katika kila mia. Kipeleke uwanjani, uwapime watu 1,000 ambao hawana dalili yoyote, na tuseme wenye ugonjwa huo ni 10. Kitawanasa 9. Kati ya wazima 990 kitawasingizia kama 50. Jioni una watu 59 wenye karatasi inayosema "unao", na wasionao ni 50 kati yao. Kipimo hakijaharibika na mpimaji hajadanganya. Wamepimwa tu watu ambao hakuna kilichowapeleka pale isipokuwa spika.

Chukua kipimo hicho hicho, ukitumie kwa watu waliokaa kwenye kiti cha yule mzee wakaeleza kiu, miguu na kaka aliyekatwa mguu. Tuseme kati ya watu hao 1,000 wenye ugonjwa ni 400. Kitawanasa 360, kitawasingizia 30. Ni kipimo kile kile, na sasa karatasi inayosema "unao" inaaminika. Swali la mzee lilikuwa nusu ya kipimo.

## Wenye mashine

Ndoto ya kupima kila kitu kwa mpigo mmoja haikuzaliwa Tangamano. Mwaka 2003 Elizabeth Holmes, binti wa miaka 19, alianzisha kampuni ya Theranos huko Marekani, akiahidi vipimo vingi mno kutokana na damu kidogo ya kidoleni. Ilifika kuthaminiwa dola bilioni 9. Mwaka 2015 mwandishi John Carreyrou wa Wall Street Journal alifichua kwamba vipimo vingi vilikuwa vikifanywa kwa mashine za kawaida za kampuni nyingine. Kampuni ikafungwa mwaka 2018, na mwaka 2022 Holmes akapatikana na hatia ya kuwalaghai wawekezaji, akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Matajiri na wazee wenye vyeo vizito walidanganyika. Ndiyo maana nimeacha kumcheka mtu aliyetoa elfu kumi na tano.

Lakini upande halali wa biashara hii nao una mtego wake, nao uko kwenye vitu vinavyotupwa. Mama mdogo sasa ana kipima sukari. Mashine yenyewe haikuwa ghali. Ghali ni stripu: kila kipimo kimoja kinakula moja, boksi moja linakaribia bei ya mashine, na stripu za kampuni hii haziingii kwenye mashine ya kampuni ile. Kwa hiyo anapima anapojisikia vibaya, yaani anapima kidogo kuliko alivyoambiwa.

Pandisha kiwango, utakuta mambo ni yale yale. GeneXpert, mashine iliyobadilisha upimaji wa kifua kikuu tangu ilipoidhinishwa mwaka 2010, inakuambia chini ya saa mbili kama makohozi yana TB na kama bakteria hao wamezoea dawa ya rifampisini. Inatumia katriji ya mtengenezaji mmoja tu. Bei yake kwa nchi kama yetu ilikaa kwenye dola 9.98 kwa zaidi ya miaka kumi, ikashushwa hadi 7.97 mwaka 2023 baada ya wanaharakati na Madaktari Wasio na Mipaka kupiga kelele sana wakitaka iwe dola 5. (Wakati huo huo Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wa shirika la APOPO wananusa makohozi mia moja kwa dakika ishirini kwa malipo ya ndizi na karanga. Wakinusa kitu, maabara inahakikisha. Najua ni kazi ngumu kuwafunza, lakini hawana katriji.)

Kuna jambo linalonivuta pande mbili na sijalitatua. Mwaka 2021 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba asilimia 47 ya watu duniani hawapati vipimo vya msingi, au wanavipata kwa shida sana. Mama mdogo alikuwa mmoja wao: alipita mwaka mzima mbele ya makoti meupe bila kupimwa sukari, kipimo rahisi kuliko vyote. Na mwaka huo huo alichomwa, akakojoleshwa, akaandikiwa taifodi sijui mara ngapi. Alikosa vipimo huku akiwa amevishiba.

Mtasema mamlaka ziko wapi. Zipo. Kuna Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kuna Bodi ya Maabara Binafsi. Lakini Tanga ni waja leo, waondoka leo. Nilipopita Tangamano tena hema halikuwepo, na kijana anayeuza maji pale aliniambia wamekwenda Korogwe.

Nilipomrudia yule mzee wa maabara kumshukuru, nilimkuta anapima meza kwa futi kamba. Kituo kimeambiwa kitaletewa mashine kubwa ya kupima damu, inatoa majibu ya ini, figo na mafuta kwa pamoja. Kampuni inaiweka bure, kituo kinasaini mkataba wa kununua vitendanishi kwake yeye tu. Mzee alikuwa ameshaomba stabilaiza kwa sababu ya umeme wetu, na ameshachagua pembe isiyopigwa na jua.

Nikamuuliza vitendanishi vikiisha katikati ya mwezi, nani atalipa.

"Hilo," akasema, akikunja futi kamba yake, "bado hatujaambiwa. Ila dada, nimewaomba wanipe na kiti cha pili."